Mafuta Hayakukataa

Waliokuwepo ni hawa. Mama yangu mzazi. Mama mkubwa, dada yake mama, ambaye ndiye aliyekuwa kungwi wangu. Shangazi yangu, dada yake baba, aliyevuka kutoka kisiwa cha pili na mkeka wake kwapani. Majirani wawili ambao tuliwahesabu ndugu kwa sababu tulichota kisima kimoja. Kwa upande wa bwana harusi: shangazi yake, mwanamke wa Ikwiriri, mrefu, mwenye sauti, binti zake wawili, ambao wangekuwa mawifi zangu, na mke wa kaka yake, mjamzito, aliyekaa siku nzima akitafuna ndimu kwa chumvi bila kusema neno. Baba alikuwa barazani na wanaume wenzake, kwa hiyo alikuwepo na hakuwepo. Mwali nilikuwa mimi.

Majina yao ninayo yote. Ninalo mpaka la yule mtoto aliyekuwa bado tumboni. Siyaandiki, kwa sababu wajukuu wao na wajukuu wangu wanakutana kwenye mabasi na kwenye misiba, wengine wameoana, na sitaki mtoto asiye na kosa anyooshewe kidole. Wenyewe wakisoma watajijua. Basi wajijue.

Nisingeandika. Kusoma kwangu ni kwa chuo cha Kurani na kwa ngumbaro, na mkono wangu ni mzito. Lakini juzi juzi, kwenye harusi ya mtoto wa mjukuu wangu, nilimsikia mwanamke mmoja, mtu mzima kabisa, akimnong'oneza mwenzake: "Bibi huyu ndiye yule ambaye mafuta yalimkataa." Wakacheka. Nilikuwa na tonge la pilau mkononi, nikalirudisha kwenye sinia. Mwingereza ameondoka, uhuru umekuja, kivuko cha Ndundu kimeondoka na daraja limejengwa, watu waliokuwepo siku ile karibu wote wako makaburini, na neno lile bado linatembea kwa miguu yake. Sasa nataka niseme mimi.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, vita vimekwisha, kanga mpya zimeanza tena kuonekana madukani. Tulikaa Kiongoroni, kisiwani, pale mto Rufiji unapoingia baharini. Baba alikata boriti za mkoko kwa kibali cha watu wa misitu. Mimi nilikuwa nimechelewa kuolewa. Wenzangu niliocheza nao walikwishazaa, wengine mara ya pili, mimi bado ninamuuguza bibi, mama yake mama, aliyepooza upande mmoja. Hakuna aliyenilazimisha. Nilimpenda, na yeye, kwa mkono mmoja uliobaki mzima, alinifundisha majani.

Watu wanadhani harufu iko kwenye jani kama rangi ilivyo kwenye kanga. Sivyo. Bibi aliligeuza jani la rihani upande wake wa chini, akalielekeza kwenye mwanga wa dirisha, akanionyesha vidoadoa vidogo kama vumbi. "Hapo ndipo mafuta yalipolala," alisema. "Kila kidoa ni kifuko. Jani linajitengenezea lenyewe, kidogo kidogo, na ukilikurupusha linamwaga yote." Alinionyesha kwamba rihani huchumwa linapotaka kutoa ua, si baada ya ua, likishafunga mbegu harufu yake inakuwa kavu, inakwaruza pua. Huchumwa asubuhi, umande umekauka na jua halijawa kali, kwa sababu jua la mchana linaiba. Mpachori, jani letu la pili la mafuta ya harusi, ni kinyume chake. Mpachori mbichi unanuka majani tu, unaweza kumlisha mbuzi. Lazima unyauke kivulini, ugeuzwe, unyauke tena, ndipo vifuko vya ndani vinapasuka na harufu inatoka, ile nzito, ya kukaa kwenye nguo mpaka ifuliwe mara kadhaa. Ukiuanika juani umeuua.

Tena aliniambia kitu ambacho watu wa bara hawakipendi. Rihani la kwetu ni dogo, gumu, limejikunja, kwa sababu linakunywa chumvi na kupigwa na upepo wa bahari. La kule juu mtoni, kwenye udongo wa mafuriko, ni pana, limenawiri, zuri kulitazama. Lakini yaponde yote mawili! La kwao linanuka maji. Jani linaloteseka ndilo linaloweka akiba.

Na kupika nako. Mafuta ya harusi hayachemshwi. Yanawekwa juu ya makaa, yapate joto tu, "yapumue", bibi ndivyo alivyosema. Sufuria inafunikwa, kifuniko kinazungushiwa kitambaa kibichi, na lile jasho linalojikusanya chini ya kifuniko linarudishwa ndani. Bibi alisema, "Jasho hilo ndilo harusi yenyewe." Ukikaa nje ya nyumba ukasikia harufu, jua kuna kitu kinapotea. Mafuta mazuri yanapikwa mtaa usijue.

Bibi akafa. Baada ya matanga na arobaini na mambo yote, ikaja posa kutoka Ikwiriri, watu wa biashara ya ufuta na mpunga. Kijana mwenyewe nilishamwona. Alikuja Kiongoroni na baba yake kutafuta boriti za kujengea ghala, akanikuta nachambua majani uani, akaniuliza, "Hayo ni ya kula?" Nikamwambia, "Ukitaka kula, kula." Akatia moja mdomoni, akalitafuna lote, macho yakamtoka machozi, hakulitema. Nilimtaka tangu pale. Niseme wazi, maana wanawake wa umri wangu husema waliozwa tu. Mimi nilimtaka yule mwanamume, na nilijua kwa umri wangu haji mwingine kama yeye.

Sasa, kwetu kulikuwa na desturi. Mafuta ya kumpaka bibi harusi hupikwa na pande mbili. Upande wa mume huleta mafuta meupe ya ufuta na hushika moto. Upande wa mke huleta majani, na mwali mwenyewe ndiye aliyeyachuma na kuyakausha kwa mikono yake. Kila mmoja na lake. Wa majani hagusi kuni, wa moto hagusi majani. Yanapikwa mara moja. Asubuhi yake wanawake wa pande zote wanapakwa tone moja nyuma ya kiganja, na yakiwa yamekolea, vigelegele. Kupika mara ya pili hakuna. Aliyeweka desturi hiyo alitaka koo mbili zikae jikoni pamoja, na hilo ni jambo jema. Hakuwaza kwamba anaweza kuja mtu asiyejua moto.

Wageni walishuka na mtumbwi asubuhi maji yakiwa yamejaa. Shangazi mtu, yule wa bwana harusi, aliingia uani, akainua ungo wa majani yangu, akayaangalia.

"Haya ndiyo majani?"

"Ndiyo hayo, mkwe," mama mkubwa akamjibu.

"Kha! Mbuna madogo hivi? Kwetu haya tungemwekea kuku atagie."

Binti zake wakacheka. Mama mkubwa naye akacheka, cheko la kumridhisha mgeni, na miye ndani, nyuma ya pazia, nilishika ukingo wa kitanda. Mwali hasemi. Mwali hatoki. Mwali anakaa ndani na kanga kichwani, akisikia anavyopimwa kama samaki.

Wakatia mafuta, wakatia mpachori wangu uliokaa kivulini siku zake zote, wakatia rihani nililolichuma asubuhi ile ile kabla sijaingizwa ndani. Shangazi mtu akakaa kwenye moto. Kwao Ikwiriri wanapikia makumbi, mabua, kuni za shambani zinazowaka na kuzimika. Sisi kuni zetu ni mkoko. Mkoko ukishika hauna mzaha, unawaka kama jiko la mhunzi, vijiti viwili vinatosha chungu cha maharage. Yeye akapanga kuni kama alivyozoea kupanga makumbi. Nilisikia zinavyogongana, moja, nyingine, nyingine, nikajua.

"Mkwe," mama mkubwa akasema taratibu, "kuni za huku kali kidogo."

"Mwenzangu, weye majani yako nimeyagusa?"

"Hukuyagusa."

"Basi niachie moto wangu."

Halafu akafunua kifuniko. Nilisikia kikiwekwa chini, kwenye mchanga. Jirani mmoja akauliza mbona anafunua, naye akajibu kwa sauti ya kusikika barazani: "Nafunua wajue kuna harusi! Au nyiye huku mnaoa kwa siri?"

Na kweli walijua. Harufu ilipanda. Iliingia chumbani kwangu, ikapita juu ya paa, ikaenda mpaka kwa waliokuwa wakishona nyavu. Watu walikuja mpaka mlangoni kusifu. "Lo, harusi hiyo!" "Mwali ana mkono huyo!" Vigelegele vikapigwa. Miye nilikuwa nimekaa katikati ya harufu yangu mwenyewe nikilia, na wifi mmoja akachungulia, akasema, "Wifi analia kwa furaha." Furaha! Yale yalikuwa mafuta yangu yakiondoka. Kila pumzi waliyovuta wale watu kule nje ilitoka kwenye ile sufuria. Nilimwita mama kwa kukohoa, kama tulivyopatana. Akaja. Nikamwambia sikioni, "Waambie wafunike, watoe kuni." Akaniziba mdomo kwa kiganja. "Nyamaza, mwanangu. Wewe ni mwali."

Mafuta yakachemka. Yakatokota kama ya kukaangia samaki, mpaka majani yakawa meusi.

Asubuhi yake wakakaa uani duara. Shangazi yangu akapita na kibakuli, tone, tone, kila mkono. Wakanusa. Hakuna aliyepiga kigelegele. Nilimsikia jirani akisema polepole, "Labda mafua yangu." Kisha shangazi mtu akasema: "Siye hatuna mafua. Mafuta yamekataa."

Wakashusha mikono.

"Jana harufu ilijaa mji mzima, wote mlisikia," akaendelea. "Leo haipo. Imekwenda wapi? Majani yalikuwa na harufu, mafuta yakayakataa. Nyiye ni watu wazima, mnajua mafuta yanakataa mkono wa namna gani."

Walijua alichosema. Alisema mkono wangu si safi. Alisema nimejuana na mwanamume, na ndiyo maana nimechelewa kuolewa, si kwa ajili ya kumuuguza mtu. Alisema yote hayo bila kusema hata moja, na wale wanawake wote, ambao wamepika mafuta tangu wamevunja ungo, ambao wanajua chungu kisichofunikwa kinatoa nini, waliangalia chini. Mama mkubwa aliyelelewa na bibi yule yule! Aliyefundishwa jasho la kifuniko kabla yangu! Alikuwa anakunja na kukunjua pindo la kanga yake.

"Basi tufanyeje, mkwe?" mama akauliza. Mama yangu mzazi. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba chumvi.

"Aape. Uletwe msahafu, ashike, aseme mkono wake ni safi. Akiapa, siye tutanyamaza na ndoa itapita. Kaka yangu, baba mkwe wake, yuko barazani, anangoja jibu langu."

Wakaniletea habari ndani. Shangazi yangu ndiye aliyekuja, akanishika magoti. "Mwanangu, apa yaishe. Ni neno moja. Utapata mume wako, utakwenda zako Ikwiriri, nani atakumbuka?"

Nitasema kilichonipata hapo. Kuapa ningeweza, sikuwa na cha kuogopa. Lakini nikiapa, nimekubali kwamba kulikuwa na la kuulizwa. Ningeingia nyumba ile kama mtu aliyesamehewa, na kila nikikohoa mawifi wangesema, si yule aliyeapishwa? Na mwanamume ambaye nilimtaka angelala kila usiku na swali. Nilimwambia shangazi, "Nipishe." Nikatoka.

Mwali hatoki. Nilitoka, kanga mabegani, uso wazi, mpaka katikati ya uani, jua likanipiga macho. Mama akapiga ukelele kama amemwona nyoka. Nikamwendea shangazi mtu.

"Uletwe msahafu," nikamwambia. "Nitaapa. Na aliyetia kuni naye aape."

"Nini?"

"Uape kwamba hukuchemsha. Uape kwamba hukufunua. Harufu iliyojaa mji jana ndiyo ambayo leo haimo. Uliitoa mwenyewe, ukaigawia upepo, na sasa unaniuliza miye imekwenda wapi."

Akanitazama kutoka juu mpaka chini. Akawageukia wengine, na hakukasirika hata, alitabasamu. "Mnamsikia mwali wenu? Jana nilikuwa na shaka na mkono. Leo mdomo umejibu."

Nikawageukia wa kwetu. Niliwaita mmoja mmoja kwa jina. "Mama mkubwa, sema. Mafuta ya harusi yanachemshwa?" Mama mkubwa akasema, "Rudi ndani, mwanangu, unatuaibisha." Nikamwuliza jirani. Jirani akamtazama mwenzake. Nikamwuliza mama. Mama alikuwa analia, na kilio si jibu.

Ndoa ilivunjika pale pale, na wala si kwa mafuta, kwa sababu walikuwa tayari kuyasamehe mafuta. Ilivunjika kwa sababu nilisema. Baba aliambiwa barazani kwamba binti yake ametoka uani kichwa wazi kugombana na wakwe, akasema, "Basi haifai," bila kuingia ndani kuniuliza hata neno moja. Wageni walisubiri maji yajae, wakapanda mtumbwi. Yule mjamzito alikuwa wa mwisho kutoka. Alinitazama kama anayetaka kusema kitu, kisha akaitwa.

Kijana hakuja. Hakutuma mtu. Kabla mwaka haujageuka tukasikia ameoa kwao.

Mimi niliolewa baadaye, na mkata mikoko mjane, mtu mwema, Mungu amrehemu, aliyenichukua bila mafuta na bila maneno. Nimezaa, nimezika, nimelea. Simlalamikii Mungu. Nawalalamikia watu.

Mama mkubwa ndiye wa kwanza. Miezi michache baadaye tulikuwa tunakuna nazi, yeye na mimi tu, akasema bila kuinua macho: "Nilijua tangu zile kuni zinapangwa. Nilijua mafuta yatakufa."

Nikaiweka nazi chini. "Mbona hukusema?"

"Moto ulikuwa wao," akasema, akaendelea kukuna.

Moto ulikuwa wao! Nimelifikiria neno hilo maisha yangu yote na bado linaniunguza. Mtoto alikuwa wako. Majani yalikuwa yetu. Elimu ilikuwa ya mama yako aliyekuzaa. Lakini kwa sababu desturi ilisema kuni ni za mgeni, ukaona bora niungue mimi kuliko mgeni aguswe kuni zake. Heshima gani hiyo? Nimeishi na watu wa heshima, wanakukaribisha, wanakuandalia, wanakuuza.

Na yule mwanamume nilimwona mara moja tu. Ilikuwa Kibiti, sokoni, tayari tuna mvi wote wawili. Nilikuwa nauza vikuba, vile vishada vya rihani vya kujipamba, akasimama mbele yangu, akachukua kimoja, akakinusa. Alinijua kabla sijamjua.

"Bibi weye ni wa Kiongoroni."

"Ndiye."

Akakizungusha kile kikuba vidoleni. "Tuliambiwa mafuta yalikataa."

"Mafuta hayakukataa," nikamwambia. "Mliyachoma."

Akasimama pale. Watu wanapita, wanatusukuma. Akasema, "Nilikuwa kijana. Ningemwambia nini shangazi yangu?" Nikamjibu, "Ungemwambia jani la Kiongoroni ulilitafuna mwenyewe." Akacheka kidogo, nikaona anataka nami nicheke, tuligeuze hadithi ya wazee. Sikucheka. Nilimpokonya kikuba changu, nikageukia mteja mwingine.

Wajukuu wananiambia, "Bibi, samehe, zamani hiyo." Wananiona mkali. Ni kweli mimi mkali. Mnataka nisamehe nani, na nani amekuja kuniomba? Shangazi mtu alikufa akijua moyoni kwamba ametetea heshima ya kaka yake. Mama alikufa akiniita mkaidi. Na lile neno, mafuta yamemkataa, limebaki peke yake bila mwenyewe, kila mtu anaweza kuliokota.

Nimeandika kama ninavyokumbuka. Nimekuwa na miaka mingi ya kulirudia, na kitu kinachorudiwa sana huchakaa au hunolewa, sijui changu kimekuwaje. Pengine shangazi mtu alisema kwa maneno mengine. Pengine kuni hazikuwa nyingi hivyo. Kama yupo aliyesikia kwa mama yake au bibi yake habari ya siku ile, na yangu imekwenda upande, aje aniambie, mlango wangu mnaujua. Hasa hili moja. Mimi naamini kwamba nilipowauliza pale uani hakuna aliyefungua mdomo kunitetea. Kama yupo aliyesema, hata mmoja, hata kwa sauti ya chini, nami kwa hasira zangu sikusikia, nitajieni jina lake. Hapo tafadhali nikosoeni.